Mwaka wa Tatu Baada ya Kupunguzwa Tumbo

Yapo matibabu ambayo watu huyazungumza kwa minong'ono, na mojawapo katika miji yetu ya pwani siku hizi ni upasuaji wa kupunguza tumbo, ambao mtu huufuata Nairobi au Dar es Salaam, au husafiri kwa ajili yake mpaka India, au, akiwa na jamaa Maskati, hukaa kwao mwezi mmoja na kurejea akiwa amepungua mashavu. Wanaompokea huuliza yale yaliyo mepesi kuulizwa: kisu kilipita wapi, fedha kiasi gani zilitoka, na kilo ngapi zimeshuka, bali ni nadra kumsikia mtu akiuliza huyu aliyerejea atakula nini mwakani, dawa zipi atazimeza maisha yake yote, na ni nani katika mji wake atakayempima damu. Nami, ambaye kazi yangu ni lishe ya wagonjwa, humwogopea mtu huyu zaidi katika mwaka wa tatu kuliko katika juma la kisu, kwa kuwa juma la kisu analindwa na matabibu wasiomwondolea macho, ilhali mwaka wa tatu analindwa na siha yake njema peke yake, na siha njema ni mlinzi mvivu.

Kabla ya kufika huko yafaa kueleza ni nini hasa kilichofanywa ndani ya mwili. Upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani leo ni ule wa kukata mfuko wa tumbo kwa urefu wake na kuitoa kabisa sehemu kubwa, takriban nane katika kumi, hata kinachobaki kikawa bomba jembamba. Njia hii haikukusudiwa iwe matibabu kamili. Ilikuwa hatua ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi, waliyofanyiwa wagonjwa wazito mno ambao miili yao isingestahimili kazi yote kwa siku moja, na madaktari walipoona kwamba wengi wao hupungua vya kutosha kabla hata ya kurudishwa kwa hatua ya pili, wakaiacha isimame peke yake. Sehemu inayotolewa ndiyo aghalabu inayotoa homoni ya njaa iitwayo grelini, ambayo wataalamu wa Kijapani waliitambua mwaka 1999. Kwa hiyo mgonjwa huamka akiwa hana nafasi ya chakula, na kwa miezi kadhaa hana hata hamu nacho.

Upasuaji wa pili, ambao nitauita uchepushaji, ni mkongwe zaidi. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliuanza mwaka 1966 baada ya kutambua kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hukonda na kupata taabu kunenepa tena. Katika sura yake ya leo, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko cha mililita 30 hivi, yaani kiasi cha nusu ya finjani ya kahawa, kikaungwa na utumbo mwembamba kwa mtindo wa herufi Y ambao umechukua jina la mpasuaji wa Uswisi, César Roux. Tumbo lililobaki, pamoja na sehemu ya mwanzo ya utumbo, huendelea kuishi mle ndani na kutoa maji yake, lakini chakula hakipiti tena huko. Msomaji alishike jambo hili la mwisho, kwani sehemu hiyo ya utumbo iliyorukwa ndiyo ambayo kwa kawaida hufyonza madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi, na deni lake tutalikuta mbele. Ama lile puto linaloingizwa tumboni kwa njia ya kinywa na kutolewa baada ya miezi kadhaa, hilo si upasuaji, wala sitalishughulikia hapa.

Siku mbili tatu hospitalini ndizo za kawaida, na jambo la kwanza analoamrishwa mgonjwa, hata kabla maumivu hayajatulia, ni kusimama na kutembea, kwa sababu damu ya mtu mzito aliyelala huelekea kuganda katika mishipa ya miguu, na donge likisafiri mpaka mapafuni huweza kuua kwa dakika chache. Ndiyo maana aliyepasuliwa ng'ambo hatakiwi kupanda ndege upesi, na anayeharakishwa kurudi ili kupunguza gharama za hoteli amebana mahali pasipostahili kubanwa. Moyo unaokwenda mbio ilhali mtu ametulia, homa, pumzi fupi, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupoa au yanayopanda mpaka begani: haya yakitokea katika majuma mawili matatu ya kwanza huenda mshono umevuja, na mwenye nayo arudishwe hospitali usiku huo huo, asingojee asubuhi wala asipewe dawa ya gesi.

Majuma ya mwanzo ni ya vitu vya majimaji. Maji hunywewa kwa mafunda madogo kutwa nzima hata yakatimia lita moja na nusu, na kazi hii inayoonekana ya kitoto huwashinda wengi, kwa kuwa aliyezoea kutoka juani na kushusha kikombe kizima kwa pumzi moja, sasa akithubutu hivyo hupata kisu kifuani na kuyarudisha yote. Na hapa ndipo jiko la pwani, kwa huruma yake, linapoanza kukosea. Kila mgonjwa wa kwetu hupikiwa uji, na uji wa mchele au wa mtama wenye sukari na tui ni chakula cha heshima kwa anayeinuka kutoka katika homa; lakini kwa aliyebakiwa na tumbo dogo namna hii kila kijiko kinakalia nafasi yenye thamani, na uji huikalia nafasi hiyo kwa wanga na sukari pasipo kuleta protini ya maana. Mwili unaopungua kwa kasi, usipoletewa protini kutoka nje, hula misuli yake wenyewe pamoja na mafuta, na mtu huyo akafurahia mizani ilhali miguu yake inaishiwa nguvu za kupanda ngazi.

Kiasi kinachotakiwa ni gramu 60 za protini kwa siku kwa uchache, na hesabu hii ikifanywa kwa vyakula vyetu haikatishi tamaa: yai moja lina gramu 6, bilauri ya maziwa gramu 8, kipande cha samaki kilichopikwa chenye uzito wa gramu 100 kina gramu 20 na zaidi, na kikombe cha choroko zilizoiva kina gramu 14 hivi. Ila mgonjwa wa mwezi wa kwanza hawezi kipande kizima cha samaki wala kikombe cha choroko, kwa hiyo hutegemea mtindi usiotiwa sukari, supu ya kuku iliyosagwa pamoja na nyama yake, na maziwa yaliyokorogewa vijiko viwili vitatu vya unga wa maziwa yasiyo na mafuta, mbinu ambayo huongeza protini bila ya kuongeza ujazo, wala haihitaji yale makopo ya bei ghali yanayouzwa kwa wanyanyua vyuma. Kutoka hapo huingia vyakula vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, na ifikapo miezi miwili hivi wengi huwa wamerudi kwenye chakula cha nyumbani. Ratiba hutofautiana baina ya hospitali na hospitali, na ya kufuatwa ni ya wale waliompasua, si ya jirani aliyepasuliwa kwingine.

Chakula cha nyumbani kina mtihani wake, na mkubwa ni kutafuna. Sisi tuliolelewa kwa ugali twajua kwamba tonge halitafunwi sana. Hufinyangwa, hubonyezwa kwa kidole gumba, huchovywa katika mchuzi na kutelezeshwa, na anayelishikilia kinywani kwa muda mrefu hudhaniwa ana jino bovu. Tonge hilo hilo likimezwa na aliyepunguzwa tumbo hukwama mahali pembamba, akahisi uzito nyuma ya mfupa wa kifua, mate yakamjaa mdomoni, na hatimaye akainuka kwa haraka kwenda kulitapika likiwa zima vile vile. Boflo laini huvimba na kufanya hivyo hivyo. Nyama ya kuchoma iliyokauka nayo haina huruma. Na pweza, hata aliyepigwa vizuri ufukweni, amngojee mlaji huyu mpaka mwaka upite. Fauka ya hayo, utaratibu wenyewe wa sahani hupinduka. Katika desturi yetu ugali au wali ndio chakula chenyewe, na samaki ni kitoweo, yaani msindikizaji. Sasa msindikizaji hutangulia, mboga hufuata, na wanga huja mwisho ikiwa imebaki nafasi, na mara nyingi haibaki. Wala hanywi maji pamoja na chakula, ila nusu saa baada yake, kwa sababu maji huijaza nafasi iliyokusudiwa chakula, au hukisukuma chakula kishuke kabla ya wakati wake.

Haya yote ni mepesi mtu anapokula peke yake. Chukulia mwanamke wa Mombasa, mwezi wa nne tangu apasuliwe, ameketi siku ya Idi mbele ya sinia la pilau pamoja na mawifi zake na shangazi wa mumewe, na kila mkono unaingia upande wake wa sinia kwa raha. Yeye ameshakula kipande cha kuku na matonge matatu madogo, naye amefika mwisho.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nakula, shangazi."

"Huko ndiko kula? Au pilau yangu imekosa kitu?"

"Haikukosa kitu, shangazi, Mungu akuzidishie. Nimeamrishwa nile kidogo kidogo."

Shangazi hakukosea kuuliza, kwani kwetu mgeni anayeacha chakula ameacha neno halijasemwa. Na mwanamke yule, ili asiache neno, huongeza matonge mawili ya adabu, na matonge hayo mawili ndiyo yanayomtoa mezani kwa aibu. Mimi huwashauri wagonjwa wangu waombe sahani yao wenyewe, ambayo kidogo chake hakionekani kama upungufu katika sinia la watu, na wamwambie mwenyeji mapema awafungie chakula wakale nyumbani, jambo ambalo katika shughuli zetu ni la heshima kwa pande zote mbili. Kumweleza kila mtu habari za tumbo lako si lazima.

Vitamu vina hukumu yao peke yao, na hasa kwa aliyefanyiwa uchepushaji. Kaimati zilizogaagazwa katika shira, halua, sharubati ya ukwaju na soda havina tena mlango wa kuvizuia. Hushuka kwa ghafla katika utumbo mwembamba, na sukari ile huvuta maji kutoka katika damu yaingie utumboni. Baina ya dakika 10 na 30 baada ya kula, moyo hupiga mbio, jasho hutoka, tumbo husokota, kisha huja kuhara, na mtu akatamani kulala tu. Ipo pia namna ya pili inayokuja kwa kuchelewa, saa moja hadi tatu baadaye, pale kongosho lililoshtushwa na wingi wa sukari linapomwaga insulini kupita kiasi, damu ikaishiwa sukari, na mwenyewe akatetemeka na kuona kiwi; naye asiyeelewa hunywa soda nyingine, ambayo humwinua kwa muda mfupi na kumshusha upya. Wengine huisifu adhabu hii wakisema ndiyo inayowazuia kurudia utamu. Sioni sifa yoyote katika jambo linaloweza kumwangusha mtu akiwa juu ya pikipiki.

Dawa za zamani nazo hutaka kutazamwa upya, na upesi. Kwa wengi wenye maradhi ya sukari, hasa baada ya uchepushaji, sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni zinazotolewa na utumbo. Basi anayeendelea kuchoma insulini au kumeza glibenklamidi kwa kipimo kile kile cha awali yumo hatarini, na mwenye dawa za presha anayeona kizunguzungu kila ainukapo hana ugonjwa mpya, bali dawa zimemzidi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa mtaani huzitoa kwa ajili ya mgongo na magoti pasipo kuuliza, ni adui wa mahali tumbo lilipoungwa na utumbo, kwani hufanya kidonda kinachoweza kutoka damu au kutoboka, na sigara hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli ndiyo ya kukimbiliwa. Wanawake ambao kwa miaka walikuwa hawashiki mimba kwa sababu ya uzito hushtuka kujikuta wajawazito miezi michache baada ya upasuaji, ilhali huo ndio wakati mwili unapojila, na ushauri ni kungoja mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Na kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe sawasawa baada ya uchepushaji, sindano, kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Pombe kwa anayeitumia hupanda kichwani kwa kasi asiyoijua zamani, na wapo walioponea chakula wakaangukia chupa.

Baina ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huanza kutoka kwa kitana, jambo linaloogopesha kuliko linavyostahili, kwa sababu ni itikio la mwili kwa mshtuko wa kupungua, na zikiletewa protini na madini hurudi zenyewe. Ngozi iliyotanuka kwa miaka hairudi vivyo hivyo. Hubaki ikining'inia tumboni na mikononi, na chini ya mikunjo yake, katika joto letu la kaskazi, jasho hufanya vipele vinavyotaka kuoshwa na kukaushwa kila siku. Lakini kwa watu wetu kuna taabu nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya madaktari. Katika nchi zilizoonja UKIMWI kwa namna tulivyouonja sisi, mtu aliyekuwa mnene na akakonda kwa ghafla hutazamwa kwa jicho la pili, huulizwa hali yake kwa sauti ya kumliwaza, na huenda mteja wa duka lake akaanza kupitia kwa jirani. Na yeye, kwa kuwa ameficha habari ya upasuaji, hana la kujibu. Nimewaona waliokula makusudi ili mashavu yajae kidogo na watu wanyamaze.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali kila mwaka. Wataalamu wengi hushauri kwamba aliyepasuliwa asifunge katika miezi ya mwanzo, na wengine huufikisha ushauri huo mwaka mmoja na zaidi, kwa sababu anayehitaji kutwa nzima ili kutimiza lita moja na nusu ya maji kwa mafunda hawezi kuitimiza baina ya magharibi na alfajiri, na upungufu wa maji humletea mawe ya figo na kizunguzungu. Dini nayo imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi. Atakapofunga baadaye, afuturu kwa maji na tende moja, si saba, aache muda, ndipo ale samaki au mayai. Na daku asilipuuze.

Sasa nifike katika mwaka wa tatu. Mwanamke yule wa Mombasa amepungua theluthi ya uzito wake, magoti hayamwumi, vidonge vya sukari amevisahau, na nguo za ujana zimemrudia. Chupa ya vitamini iliyotoka ng'ambo ilikwisha zamani, akasema atanunua mwezi ujao. Kliniki yake ipo nchi nyingine, na hapa nyumbani hana sababu ya kumwendea daktari, maana hakuna kinachomuuma. Wakati huo huo, ndani ya ini lake, akiba ya vitamini B12 inapungua siku hata siku. Vitamini hii haifyonzwi ipasavyo mpaka tindikali ya tumbo iitenge na nyama au samaki iliyomo, kisha ishikane na kitu maalumu kinachotolewa na ukuta wa tumbo. Na tumbo lililochepushwa au kukatwa haliifanyi kazi hiyo kama zamani. Ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka miwili, mitatu, pengine na zaidi, na rehema hiyo ndiyo hila yenyewe, kwa kuwa anayeacha vidonge leo haadhibiwi leo, akaamini kwamba hakuvihitaji.

Akiba ikiisha, huanza ganzi katika nyayo na ncha za vidole, kisha mguu hukosa yakini ya ardhi gizani, ulimi huwaka, kumbukumbu hupotea, na uchovu hukaa. Katika miji yetu mwenye uchovu na viganja vyeupe hudhaniwa mara moja kuwa ana malaria, au safura, au hedhi nzito, na hupewa vidonge vya chuma vilivyochanganywa na asidi ya foliki, kama wanavyopewa wajawazito kliniki. Dawa hiyo ni njema kwa maradhi yake, lakini kwa mwenye upungufu wa B12 foliki huweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kufa. Kipimo cha damu kikatoka kizuri, na ganzi ikapanda mpaka magotini. Mishipa iliyoharibika kwa muda mrefu haiponi yote. Na haya yote yanazuilika kwa sindano moja ya maikrogramu 1000 kila mwezi, au kwa vidonge vya kila siku vyenye kipimo kikubwa, jambo ambalo zahanati ya kawaida inaliweza ikiwa imeambiwa sababu.

Chuma chenyewe nacho hupungua, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi, na adui yake wa kila siku ni chai: chai ya rangi pamoja na kidonge cha chuma ni sawa na kutokunywa kidonge, basi kidonge kinywewe mbali na chai, pamoja na maji ya chungwa au ndimu, na kitenganishwe kwa saa mbili na kidonge cha kalsiamu, kwani vikikutana hupingana. Kalsiamu ya namna ya sitrati hufyonzwa vizuri zaidi palipo na tindikali kidogo. Vitamini D watu hudhani hatuihitaji kwa wingi wa jua letu, lakini jua halimfikii anayeshinda ndani au aliyejisitiri kwa buibui, na mifupa hailalamiki mpaka ivunjike. Ipo moja tu katika jamaa hii isiyongoja miaka: tiamini, yaani vitamini B1, ambayo akiba yake ni ya majuma machache, hata mtu anayetapika mfululizo katika miezi ya kwanza akianza kuona mbili-mbili, kuyumba na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya ubongo, na apewe tiamini kwa mshipa kabla ya dripu yenye sukari.

Damu ipimwe katika mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka maisha yote. Neno hili "maisha yote" wagonjwa hulisikia kabla ya kisu, wakalikubali kwa kichwa kama wakubalivyo mambo yote siku hiyo, na sidhani kwamba ni haki kuwalaumu wao peke yao. Daktari anayemrudisha mtu kwao pasipo barua kwa tabibu wa huko amefanya nusu ya kazi na kulipwa yote.

Nisije nikadhaniwa kuwa naupinga upasuaji wenyewe. Waswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya watu wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, wakaendelea nao kwa zaidi ya miaka 20, na waliopasuliwa wakaonekana wakifa kwa uchache kuliko wenzao. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba uzito hurudi kidogo: waliofanyiwa uchepushaji walipungua kwa asilimia 32 hivi katika mwaka wa kwanza na wa pili, na ilipotimia miaka 10 walibaki na upungufu wa asilimia 25. Kwa hiyo anayeongeza kilo chache mwaka wa tatu hakushindwa; amefika pale walipofika wengi, na amrudie mtaalamu wa lishe kabla aibu haijamfungia ndani, maana wengi huacha kliniki kwa kuona haya ya mizani, na wakiacha mizani huacha pamoja nayo kile kipimo cha damu.

Limebaki jambo moja la aliyefanyiwa uchepushaji, nalo halina mwaka maalumu. Mafuta yaliyojaa baina ya matumbo yakishapungua hubakia nafasi tupu, na utumbo huweza kupenya humo na kujisokota, ukaleta maumivu ya ghafla, ya kuja na kuondoka, aghalabu baada ya kula, hata miaka mingi tangu kisu. Vipimo vya damu huwa vyema, na picha ya kawaida ya eksirei huenda isionyeshe kitu. Mtu huyo akifika hospitali na kunyamaza atapewa dawa za vidonda vya tumbo na kurudishwa kwake, ilhali utumbo uliosokotwa huanza kufa kwa saa, si kwa siku. Kwa hiyo cheti cha upasuaji, au hata karatasi ndogo iliyoandikwa aina yake na mwaka wake, kikae katika pochi pamoja na kitambulisho, na mume au mke, au mtoto mkubwa, ajue kipo. Na anapoulizwa mapokezi anaumwa nini, mgonjwa aanze na hilo, kabla ya kutaja tumbo linauma upande gani.